Dumu la Maji ya Songwe: Shajara ya Safari Yetu ya Laodikia

14 Septemba 2024

Kikao cha kwanza cha kupanga safari ya nchi za Biblia, saa kumi jioni, upepo wa mlima Loleza, hapa Mbeya, unapenya madirishani. Tuko wanafunzi kumi na mmoja wa theolojia, mwaka wa pili na wa tatu, na Mwalimu wetu wa Agano Jipya ndiye mlezi. Mimi nimekuwa katibu kwa kosa la kuja na daftari.

Kila mmoja alikuja na Yerusalemu mdomoni. Mwalimu akatuacha tuseme mpaka tukachoka, kisha akauliza ni mzazi gani atakayetia sahihi fomu ya kumpeleka mwanawe kule, na vita vinaendelea tangu Oktoba 2023. Kimya. Mmoja akasema basi Antiokia, mahali wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Antiokia ndiyo Antakya ya leo, na tetemeko la Februari 2023 liliuangusha mji ule vibaya mno. Hatuendi kupiga picha kwenye msiba wa watu. Tukabaki na magharibi ya Uturuki, ile Asia ya makanisa saba ya Ufunuo.

Makanisa saba kwa siku nane ni mbio za sakafuni. Mwalimu akasema tuchague swali kwanza, ramani itafuata.

21 Septemba

Swali limepatikana, na limeulizwa na dada wa Tukuyu ambaye darasani haongei. Ufunuo sura ya 3, barua kwa kanisa la Laodikia, mojawapo ya yale saba: "ingekuwa heri kama ungekuwa baridi au moto." Huku kwetu mtu aliyeacha kusali tunasema amepoa, na anayesali usiku kucha tunasema ana moto. "Sasa kama baridi ni kupoa," akauliza, "kwa nini Bwana aseme heri?" Waliokuwa wanacheka walinyamaza walipoona hawana jibu.

Mwalimu akatupa maelezo yanayopatikana katika vitabu vingi vya ufafanuzi. Katika bonde la mto Lycus, huko huko magharibi ya Uturuki, ilikuwepo miji mitatu, na katika Wakolosai 4:13 Paulo anawataja watu wa yote mitatu. Hierapoli ilikuwa na chemchemi za maji moto yaliyoponya wagonjwa. Kolosai, chini ya mlima, ilikuwa na maji baridi ya kunywa. Laodikia haikuwa na chemchemi yake ya kutosha, ikaleta maji kwa bomba, nayo yakafika vuguvugu. Kwa hiyo moto ni mzuri, baridi ni nzuri, na kile cha katikati, vuguvugu, ndicho barua inachosema Bwana atakitapika. Vitabu vingine vinaongeza kwamba bomba lenyewe lilitoka Hierapoli, maji yakipoa njiani.

Tuliipenda hiyo ya bomba kuliko yote. Ina picha, ina mwendo, mtu anaweza kuihubiri bila karatasi. Tukakubaliana papo hapo: tunakwenda kupima maji ya miji mitatu.

5 Oktoba

Bajeti: milioni 3.9 kwa kila kichwa, vichwa kumi na viwili. Ndege ndiyo inayokula nusu. Dola iko karibu shilingi 2,700 na mhasibu wetu anaiangalia kila asubuhi kwenye simu kama mkulima anavyoangalia mawingu.

19 Oktoba

Leo tumefanya mazoezi, na sitafupisha.

Wazo lilikuwa la kaka mmoja wa Mbalizi: kabla ya kwenda kupima maji ya watu, tujue kupima ya kwetu. Tukapanda Hiace hadi Songwe, bonde lile lile lenye kiwanda cha saruji, kisha kwa miguu hadi kwenye majimoto. Ambaye hajafika, ajue hivi: maji yanatoka chini ya ardhi yakiwa moto wa kuunguza, yamebeba chokaa, na yakipata hewa chokaa inaganda. Kwa miaka mingi mno imejenga ngazi na kuta za mawe meupe na ya rangi ya kahawia, marefu kuliko nyumba. Mawe hayo hayo watu huyakata kwa ajili ya sakafu. Mwalimu akatuonyesha picha ya Pamukkale, mahali ilipokuwa Hierapoli, na kaka wa Mbalizi akasema, "Mbona hii ni Songwe iliyopakwa chokaa?" Ni kweli kabisa, jiwe ni aina moja.

Kipimajoto cha kioo tulichoazima maabara ya sekondari kilipasuka baada ya kusoma nyuzi 74. Nani alikiacha juu ya jiwe, daftari linamjua, nami simtaji. Tutalipa.

Halafu likaja jaribio la dumu. Tulijaza dumu la lita 20, tukalifunga vizuri, tukaliweka katikati ya miguu ya watu kwenye Hiace na kulirudisha mjini. Nia ilikuwa kuona maji moto yakisafiri yanakuwaje. Saa moja na nusu baadaye, kwa kipimajoto kipya cha jikoni tulichonunua Mwanjelwa, yalisoma 63. Yaani bado yanaunguza. Mwalimu akasema dumu la plastiki si bomba la Warumi, tusijipe majibu mapema. Tukayaacha jikoni kwa mpishi wa bweni mpaka usiku.

Saa tatu usiku yalikuwa 38. Tukamimina kwenye vikombe, tukanywa wote, mlezi akiwemo. Ladha ni ya magadi, kama maharage yaliyozidishiwa, halafu ule uvuguvugu unakaa kooni haushuki. Wawili walitoka nje. Mmoja hakuwahi kufika nje.

Dada wa Tukuyu alifuta midomo akasema, "Nimeelewa 'nitakutapika'." Nimeandika maneno yake kama yalivyo kwa sababu ndiyo yaliyotupa wazo la kijitabu cha kuuza ili kuchangia safari.

16 Novemba

Kijitabu kimetoka: kurasa 16, karatasi nyeupe, jalada la kijani, nakala 300, bei shilingi 2,000. Ndani kuna miji mitatu, picha za Songwe, jaribio la dumu, na ukurasa wa 9 wenye mchoro nilioupenda kuliko yote. Nimeuchora mwenyewe. Bomba linatoka Hierapoli, linavuka bonde, linaingia Laodikia, na pembeni nimeandika nyuzi zinavyoshuka.

1 Desemba

Mnada wa kuchangia safari, baada ya ibada. Mikungu ya ndizi minane kutoka Rungwe, debe mbili za mchele wa Kyela, parachichi, majogoo matano. Dalali wetu ni mzee wa kanisa ambaye angeweza kuuza hata mvua. Jogoo mmoja mwekundu alinunuliwa, akarudishwa mnadani, akanunuliwa tena, akarudishwa, mpaka akafikisha laki mbili na elfu themanini huku mwenyewe amelala kama hayamhusu. Vijitabu vimeuzwa 118 siku moja. Bibi mmoja wa Uyole alichukua vitatu, kimoja chake na viwili vya wajukuu wasiokuja kanisani.

20 Desemba

Dola imeshuka chini ya 2,500. Mhasibu akasema tununue leo. Sisi wengine tukasema tusubiri, itashuka tena. Kumbukumbu hii naiweka ili baadaye tusimlaumu yeye.

25 Januari 2025

Wakala mmoja wa Dar es Salaam tuliyempa malipo ya awali ya tiketi hakupokea simu kwa siku tisa. Alipopokea alisema yuko kwenye kikao. Kikao hicho kimechukua wiki nzima. Mchungaji mmoja mwenye shemeji yake kule akaenda ofisini kwake, akakaa kwenye kiti, akasema hana haraka. Fedha zilirudi kesho yake, pungufu ya laki nne "za usumbufu". Usumbufu wa nani, hakueleza. Tutakata tiketi wenyewe.

15 Machi

Pasipoti. Ada ni 150,000 na hiyo haikuwa shida. Shida ilikuwa majina. Mwenzetu mmoja cheti chake cha kuzaliwa kina "l" na kitambulisho cha NIDA kina "r". Kwa Kinyakyusa hizo ni herufi moja, hakuna aliyewahi kumtofautishia. Kiapo, picha, safari mbili, imepatikana. Mwingine hana cheti kabisa, na baba yake amefariki, na ndugu walioweza kuthibitisha wako Chunya kwenye machimbo. Muda umemwishia. Amesema yeye atabaki kuuza vijitabu. Tumekuwa kumi.

12 Aprili

Dola imerudi kule kule karibu 2,700. Mhasibu hakusema neno, alitutazama tu. Pengo ni milioni mbili na ushee. Tumeongeza tamasha la kwaya na tumepunguza siku moja.

Viza zimetoka.

10 Mei

Basi la saa kumi na moja alfajiri kutoka Mbeya. Zaidi ya kilomita 800 hadi Dar, na wenzetu watatu hawajawahi kuvuka Makambako. Mlima Kitonga tulishuka wakiwa wamefumba macho. Dumu tumekuja nalo, tupu, lina nguo ndani. Mwalimu aliuliza la nini. Kaka wa Mbalizi akajibu kwamba limeanza kazi, litaimaliza.

11 na 12 Mei

Ndege saa saba hivi hadi Istanbul. Saa za Uturuki ni sawa na zetu, hakuna kusogeza mshale, ila saa moja ya asubuhi wao wanaiita ya saba kama Wazungu. Dumu lilipita kwenye mashine ya ukaguzi na afisa akalitoa, akalitikisa, akachungulia ndani, akatoa soksi, akarudisha soksi. Kisha basi la usiku hadi Denizli. Mhudumu anapita na chai kila baada ya muda, kwenye vikombe vidogo. Sisi watu wa nchi ya chai ya Tukuyu tulidhani tunaijua chai. Wanakunywa ya rangi, moto wa kuunguza ulimi, na bila maziwa.

Denizli ina sanamu ya jogoo katikati ya mji. Jogoo wa Denizli ni maarufu Uturuki nzima kwa kuwika muda mrefu. Tulipiga picha kumi chini yake, tukamtumia dalali wetu.

13 Mei, Pamukkale na Hierapoli

Maana ya Pamukkale ni ngome ya pamba. Ukiwa chini unaona mlima mweupe kama uliomwagiwa unga. Iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1988, pamoja na magofu ya Hierapoli yaliyo juu yake. Unavua viatu, hilo ni sharti, unapanda juu ya chokaa huku maji yanakupitia kwenye vifundo. Zamani kulikuwa na mahoteli hapo juu kabisa, yakivuta maji ya chemchemi na kuharibu weupe wake. Yalibomolewa. Mwenzetu aliyepiga picha ukuta wa Songwe uliokatwa kwa msumeno aliitoa simu yake akaiangalia muda mrefu.

Sasa kipimo. Tulichovya kipimajoto kwenye mfereji unaoleta maji juu ya ngazi. 34. Tukadhani kimeharibika. Tukachovya mahali pengine, 35. Hii ndiyo Hierapoli ya maji moto! Watu wa Songwe tukatazamana. Dada wa Tukuyu akasema haya ni maji ya kuogeshea mtoto mchanga. Kwa mizani ya kwetu, maji ya Hierapoli ndiyo uvuguvugu wenyewe, na hayajasafiri hata hatua mia.

Mwongozaji wetu, mama wa makamo anayesema Kiingereza taratibu kama anatufikiria, alicheka tulipomweleza. Akasema zipo chemchemi za moto zaidi, kama zile za Karahayıt, kilomita chache kaskazini, maji mekundu. Lakini hayo ya kwenye ngazi watu huyapenda kwa kuoga na si kwa kupikia.

Nimeanza kuwa na wasiwasi na ukurasa wa 9. Maji ya 35 yakisafiri kilomita kumi kwenye bomba yatafika vuguvugu? Yatafika ya baridi kiasi, basi.

Kuhusu magofu: makaburi zaidi ya elfu moja yamejipanga kando ya njia ya kaskazini, mengine makubwa kuliko mabweni yetu. Juu kilimani kuna mabaki ya kanisa la pembe nane la kumbukumbu ya Filipo, na mwaka 2011 mwanaakiolojia Mwitalia Francesco D'Andria alitangaza kwamba kaburi la Filipo lenyewe liko karibu na hapo. Chini kuna lile pango Warumi waliloliita mlango wa kuzimu. Makuhani waliingiza mafahali, mafahali wakaanguka, wao wakatoka wazima. Ni gesi ya kaboni dayoksidi, nzito kuliko hewa, inayotambaa chini. Fahali puani inamfika, kuhani aliyesimama haimfiki. Hili mimi lilinigusa kuliko kaburi, kwa sababu Rungwe gesi hiyo hiyo inatoka ardhini na huvunwa kwa ajili ya soda. Bibi yangu alitukataza kulala kwenye mabonde fulani asubuhi ya ukungu. Alisema kuna mzimu unaopenda watoto wafupi.

14 Mei, Laodikia

Saa mbili asubuhi tuko peke yetu na mijusi. Nilitegemea mawe matatu na kibao. Ni mji mzima: barabara zenye nguzo, uwanja wa michezo, majumba ya kuigizia mawili, na kanisa kubwa la karne ya 4 lililogunduliwa mwaka 2010 kwa rada ya kupenya ardhini, sasa limefunikwa paa na unatembea juu ya sakafu ya kioo. Mji ulikuwa tajiri. Tetemeko la mwaka 60 BK liliuvunja na mwanahistoria wa Kirumi Tacitus ameandika kwamba uliinuka kwa mali yake, bila msaada wa Roma. "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha," inasema barua. Mwalimu aliusoma mstari huo amesimama kati ya maduka ya marumaru, na hakuuhubiri, akaenda kukaa kivulini.

Sisi tukakimbilia mabomba. Ni mawe ya mraba yaliyotobolewa katikati na kuunganishwa moja kwa jingine, na karibu na mnara wa maji kuna mabomba ya udongo wa kuchoma. Ndani yamejaa ukoko. Sina neno jingine: ukoko kama wa sufuria ya wali, tabaka juu ya tabaka, jeupe, mpaka tundu la ngumi limebaki tundu la kidole. Kaka wa Mbalizi aliingiza kidole, akakitoa, akanionyesha bila kusema kitu. Ni chokaa ile ile ya dumu letu.

Hapo nikamuuliza Mama mwongozaji swali nililokuja nalo kutoka Mbeya: bomba hili linaingiaje kutoka Hierapoli? Nikamwonyesha mchoro wangu. Aliuangalia kwa adabu. Kisha akanigeuza kwa mabega, kama unavyomgeuza mtoto, nikawa natazama kusini.

"Hierapoli iko nyuma yako," akasema. "Maji yalitoka kule."

Kule ni upande wa Denizli, kwenye chemchemi ya Başpınar. Njia ya bomba imefuatwa na inajulikana. Inashuka kutoka vilima vya kusini, inazama kwenye kibonde na kupanda tena kwa nguvu ya mgandamizo wa maji yenyewe, ndiyo maana walitumia mawe mazito. Ukoko nao hausemi kwamba maji yalikuwa moto, unasema yalikuwa na chokaa. Akaongeza na Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliyeandika kabla au karibu na wakati wa Paulo: anasema maji ya Laodikia hugeuka jiwe kama ya Hierapoli, ila haya yanafaa kunywewa.

Yanafaa kunywewa. Na sisi tumeuza vijitabu 261 vinavyosema watu wa Laodikia walikuwa wanatapika.

Nilikaa kwenye ngazi ya jumba la kuigizia. Mwalimu akaja akakaa kando. Nilimuuliza kama alijua. Akasema alijua kuna mabishano, kwamba msomi wa Biblia Mmarekani, Craig Koester, aliandika mwaka 2003 kuipinga hadithi ya bomba, lakini alitaka tufike tuone. Nikamwambia, "Mwalimu, ungetuambia Novemba." Akasema, "Kweli. Ningewaambia Novemba." Sikutegemea akubali haraka hivyo, nikakosa la kuongeza.

Kabla ya kuondoka Mama mwongozaji akatusimulia kuhusu jiwe la sheria ya maji lililochimbuliwa pale, amri ya liwali Aulus Vicirius Martialis ya mwaka 114 BK. Anayejichukulia maji ya mji kwa matumizi yake, faini dinari 5,000. Anayeharibu mabomba, faini. Adhabu zinapanda hadi dinari 12,500. Mhasibu wetu, ambaye baba yake ni fundi bomba Mwanjelwa, alisikiliza kuliko siku zote za safari. "Kumbe kujiunganishia maji usiku ni jambo la zamani," akasema. Na sisi tunaona sheria ya kuacha mita 60 kulinda chanzo cha maji ni ukali wa serikali.

15 Mei, Kolosai

Hakuna kitu. Nasema hivi kwa upendo. Ni kilima cha nyasi chini ya mlima Honaz, karibu hakijachimbwa, kuna kibao, kuna vipande vya vigae, kuna mashamba. Barua yenye sura nne imeandikwa kwa watu waliolala humo ndani na hakuna hata nguzo iliyosimama. Tuliimba ubeti mmoja, upepo ukauchukua.

Kijito kipo chini. Kipimajoto betri imekufa, kwa hiyo daftari la vipimo lina maneno haya tu: "baridi, mikono ganzi, tamu." Tulikunywa mpaka tumbo likacheza.

Jioni mwenye nyumba ya wageni alituita sebuleni. Sahani za zeituni, mkate, chai iliyotoka jikoni ikifuka moshi, na jagi la maji lenye barafu. Dada wa Tukuyu alishika kikombe huku na glasi huku. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayehesabu chenji: "Mgeni anapewa moto au anapewa baridi. Nani anampa mgeni vuguvugu?" Mwalimu akaweka mkate chini. Hiyo ndiyo hoja ya Koester karibu neno kwa neno, kwamba picha imetoka mezani, siyo kwenye bomba. Mstari wa 20 wa barua ile ile unasema juu ya kubisha mlangoni na kula pamoja. Dada huyu hajamsoma Koester. Amelelewa na watu wanaopokea wageni.

16 na 17 Mei

Treni hadi Selçuk, Efeso. Jumba la kuigizia la watu kama 25,000, ambamo Matendo ya Mitume 19 inasema walipiga kelele kwa muda wa saa mbili, "Artemi wa Waefeso ni mkuu". Kaka mmoja alisimama katikati akasema "Mbeya" kwa sauti ya kawaida na waliokaa juu wakamsikia. Hekalu la Artemi, moja ya maajabu saba ya kale, limebaki nguzo moja ya kuunganishwaunganishwa na korongo amejenga juu yake. Izmir, ambayo ndiyo Smirna, tuliipita kwa saa tatu. Haikutosha.

1 Juni

Tumerudi kwenye baridi ya Juni, makoti mpaka kidevuni. Kikao kilikuwa kifupi na kikali. Wapo waliosema kijitabu kiachwe, ujumbe ni ule ule: moto mzuri, baridi nzuri. Ni kweli, na ndiyo hatari yake. Mimi nimesema mchoro ni wangu na sitapata usingizi ukibaki hivyo. Kura saba kwa tatu: tunachapa vikaratasi vya kubandika ukurasa wa 9. Mwenzetu aliyekosa cheti ndiye aliyeshika orodha ya wanunuzi, na bila orodha hiyo tungekuwa tunapapasa gizani.

Maneno ya kikaratasi: "Bomba la Laodikia lilitoka kusini, siyo Hierapoli. Maji yake yalikuwa na chokaa nyingi lakini yalinyweka. Wapo wanaoona kwamba mfano wa moto na baridi umetoka kwenye karamu. Jaribio la dumu lilikuwa la maji ya Songwe."

8 Juni

Tulisimama mlangoni na gundi. Tumebandika 94. Wengine wamesema wataleta. Dalali alipokea chake, akasoma, akauliza kama na hela ya jogoo inarudi.

Bibi wa Uyole alikuja na vyote vitatu. Alisikiliza maelezo yote ya kusini na kaskazini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mlikunywa bure yale maji?" Nikamwambia ndiyo, Bibi, bure. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema kimoja tusikibandike, abaki nacho hivyo hivyo, kwa sababu mjukuu wake mkubwa amekubali kuja kanisani Jumapili ijayo kuuliza ilikuwaje watu wazima wakanywa maji ya magadi.

14 Juni

Hesabu: vijitabu 39 havijauzwa, vyote vimebandikwa. Deni la kipimajoto limelipwa. Kwenye orodha wamebaki 167, na mwenzetu anawapigia watano kwa siku.

Dumu nimelirudisha kwa mpishi. Amelisugua kwa mchanga mara mbili, ule ukoko mweupe wa Songwe haujatoka. Anataka jipya.